Kubandua Kazi ya Fundi Mwingine

Mzee alifika saa moja kasorobo asubuhi na baiskeli yake, ngazi fupi ya mbao imefungwa ubavuni kwa mpira wa tairi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana macho yake yalishapanda juu kwenye upenu. Nilidhani ataanza na bei, au chai. Akaomba kigoda. Akakiweka katikati ya baraza, akaketi, akanyamaza karibu nusu saa.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu baba, Morogoro, upande ambao Milima ya Uluguru unaiona ukiwa unapiga mswaki uani. Ilikaa imefungwa miezi kumi na minne. Nilipoifungua nilikuta nyigu wa udongo wamejigawia kila kona: juu ya mlango, nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya soketi ya barazani, hata kwenye mkunjo wa pazia. Kijana wa kwanza niliyemwita alikuja na bomba la dawa mgongoni. Alipuliza, akalipwa, akaenda zake. Madoa ya dawa yapo ukutani mpaka leo, viota vilibaki palepale, na wiki ya pili nyigu walikuwa wanaendelea na ujenzi kama vile hakikutokea kitu.

Huyu mzee kazi yake ni rangi. Hajiiti mtoa viota, wala sidhani kama kuna mtu mjini anayejiita hivyo. Anabandua viota kwa sababu hapaki rangi juu ya uchafu, na kwa miaka mingi ya kuandaa kuta za watu amewajua hawa wadudu kama seremala anavyowajua mchwa.

“Unaona wale?” aliniuliza hatimaye, akionyesha kwa kidevu kona ya kenchi ambako kiota cha kijivu, chepesi kama karatasi iliyolowa ikakauka, kilikuwa kinaning'inia na nyigu saba au wanane wamekikalia. “Wale ni ukoo. Gusa mmoja wakushukie wote. Hao ni kazi ya jioni, giza likiingia. Wa tope hana ukoo. Anajenga mwenyewe, anahangaika mwenyewe. Hana habari na wewe.”

Ndivyo ilivyo. Nyigu wa udongo hana malkia wala vibarua. Kila jike hujenga peke yake, na tofauti na wale wa kiota cha karatasi, halindi kiota chake. Mwiba anao, lakini ameuweka kwa shughuli nyingine. Ukimfinya mkononi atakuchoma. Ukisimama karibu yake atakupita kama unavyoipita nguzo ya umeme. Nusu ya woga niliokuwa nao ulikuwa wa mdudu mwingine kabisa.

Mzee hakuwa amekaa bure. Alikuwa anamfuata mmoja kwa macho, nami nikaanza kumfuata. Mweusi, miguu ina manjano, na kiuno chake cha manjano ni kirefu na chembamba kama uzi wa kushonea, kiasi kwamba tumbo unaliona kama linamfuata nyuma kwa hiari yake. Alitua chini ya bomba la uani, pale ambapo koki imekuwa ikidondosha tone moja moja tangu nikiwa mtoto. Hakukurupuka kuchota. Alitembea pembezoni mwa tope, kwenye maji mengi akapita, kwenye pakavu akapita, akasimama mahali ambapo udongo umelainika lakini haujalegea. Hapo akainua tumbo, akainamisha kichwa, akaanza kuuma udongo kwa taya huku mwili mzima ukivuma. Donge likajikusanya chini ya kinywa, la ukubwa wa punje ya choroko. Akaruka nalo.

“Anapima maji kuliko vibarua wangu,” mzee akasema.

Juu ya mlango kulikuwa na kazi iliyofika nusu. Alitua kwenye ukingo wa chumba, na mvumo ukabadilika, ukawa mwembamba na wa juu zaidi, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Mtetemo huo una kazi. Udongo ukitetemeshwa hulegea, ukatandazika na kushikana na ule wa chini. Mafundi zege wanaoingiza vaibreta kwenye nguzo wanalijua jambo hilohilo. Kwa taya na miguu ya mbele akautandaza ule mzigo ukawa utepe uliopinda, nusu duara, kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Akaondoka. Aliporudi akaweka utepe mwingine ubavuni mwa ule wa kwanza. Nilihesabu safari kumi na tisa kabla uji haujaiva, na chumba kilikuwa bado wazi. Kikiisha kinakuwa kama kidole cha mtoto kilichokatwa, urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi, ndani kimesawazishwa, nje kina mistari ya kila mzigo uliofika.

Katikati ya kuhesabu nikakumbuka kwamba nimemwita mtu kuja kubomoa.

Mzee aliinuka. Kwanza alizunguka nyumba nzima mikono nyuma. Kila alipokuta kiota alikigonga kwa ukucha wa kidole gumba, akasikiliza, akakitazama uso. Vilivyokuwa na matundu ya mviringo alivipita haraka. “Hapa wamehama.” Mtoto wa nyigu akishakomaa hutafuna njia yake na kutoka, na tundu analoacha ni safi kama limetobolewa kwa keekee. Kiota kisicho na tundu hata moja, ambacho rangi yake bado imekolea, alikiwekea alama ya chaki. Vya namna hiyo vilikuwa vinne. Vilivyobaki vilikuwa magofu, na kwenye magofu hayo baadhi ya vyumba vilikuwa na wapangaji: buibui mdogo aliyejifungia, na kwingine kizibo cha majani yaliyokatwa kwa unadhifu, kazi ya nyuki anayeishi peke yake na kutumia matundu ya wengine.

Vifaa alivitoa kwenye kikapu cha ukili, akavipanga kwenye gazeti: kisu cha pati cha inchi tatu, kingine chembamba ambacho makali yake yameliwa na msasa mpaka yanapinda ukiyabonyeza, mswaki wa zamani, chupa ya kupuliza iliyowahi kuwa na sabuni ya vioo, vipande viwili vya msasa, tambara, kipande cha waya na ndoo ya lita kumi. Dawa haikuwemo. Nilimuuliza. Akasema dawa inaua aliye nje, na aliye nje hukai naye. Aliye ndani ya udongo dawa haimfikii. Na kiota bado utakibandua kwa mkono. Sikuwa na la kujibu, nikiyatazama yale madoa.

Kiota cha kwanza kilikuwa juu ya fremu ya mlango, kwenye ukuta wa rangi ya mafuta. Hapo hakulowesha. Aliweka kile kisu chembamba bapa kabisa ukutani, makali yakielekea ukingo wa juu wa kiota, akakisukuma kwa kiganja, taratibu, milimita kwa milimita, akikichezesha kushoto na kulia. Mkono wa pili ulikuwa umekinga chini na tambara. Nilisubiri udongo uvunjike. Ulitoa mlio mdogo, tak, na kiota chote kikadondokea kwenye tambara kikiwa kizima, mgongo wake bapa kama tofali. Ukutani ikabaki alama tu, mistari myembamba iliyoonyesha vyumba vilivyokuwa vimepangwa bega kwa bega.

Kwenye ukuta wa nyuma, ambao ni wa chokaa ya zamani, alibadili kila kitu. Pale ukisukuma kisu unaondoka na lipu. Alipuliza maji pembezoni mwa kiota, siyo katikati, akashuka ngazi, akaenda kufanya kingine. Akarudi, akapuliza tena, akashuka. Mara ya tatu aliugusa ukingo kwa kidole, akatikisa kichwa, akaenda kunywa maji. Ilichukua dakika arobaini kiota kimoja kulegea, na katika hizo dakika arobaini hakuna hata mara moja aliyojaribu kukilazimisha. Mimi ningekuwa nimeshachukua nyundo. Mara ya tano kisu kiliingia kama kwenye samli, na chokaa ikabaki ukutani yote, hata ule ufa mdogo wa zamani uliopita chini ya kiota.

Vile vinne vya chaki alivishusha mwisho, na kwa uangalifu zaidi, vikiwa vizima. Kimoja kilivunjika pembeni, na hapo ndipo nilipoona stoo yenyewe. Alikigeuza kwenye gazeti akaniita, “Njoo uone, mwanangu.” Ndani ya chumba kilichopasuka walikuwa wamebanwa buibui, wamepakiwa kama dagaa kwenye kopo, miguu imekunjwa: wa kijani, wa kijivu, mmoja wa manjano mwenye mgongo uliong'aa kama shanga. Kumi na mmoja. Nilimgusa mmoja kwa ncha ya kiberiti. Mguu ukajongea, kidogo sana, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Huko ndiko mwiba unakotumika. Nyigu humchoma buibui ili alemae, asife. Nyama haiozi kwa sababu haijafa. Chumba kimoja huweza kubeba buibui wachache au zaidi ya kumi, kutegemea ukubwa wao, na juu ya mmoja wao hutagwa yai moja tu, jeupe, lililopinda kidogo. Kisha mlango unazibwa kwa udongo na mama hataingia tena. Buu huanguliwa baada ya siku chache, hula akiba yote, hujisokotea kifukofuko cha rangi ya kahawia, chembamba kama ganda la kitunguu, humo hubadilika. Vyumba vikiwa vingi, mama huvifunika vyote kwa tabaka moja la udongo usio na urembo wowote. Ndiyo maana kiota kilichokamilika unakiona kama tope lililorushwa ukutani na mtoto mtukutu. Ile mistari yote safi niliyoitazama asubuhi imefichwa chini ya lipu chafu.

Vile vizima vitatu mzee alivibeba kwenye bakuli mpaka banda la kuni, akavipachika kwenye mwanya kati ya mbao, mgongo bapa ukiegemea ukuta. Watatokea hukohuko, akasema. Sikumuuliza kwa nini anajisumbua. Kile kilichovunjika alikwenda kuwamwagia kuku.

Baada ya hapo ikafuata kazi ambayo haina hadithi nyingi lakini ilikula saa tatu nzima: mswaki na maji ya sabuni kwenye kila alama, tambara, kusubiri pakauke, msasa kwa kuzungusha, pati kidogo mahali palipochubuka, msasa tena. Udongo wa Morogoro ni mwekundu, na ukiacha vumbi lake kwenye chokaa, rangi nyeupe inachukua wekundu kwa chini kama shati lililofuliwa na kanga mpya. Alipomaliza alipitisha kiganja ukutani macho yamefumbwa. Palipokwaruza alirudia.

Kisha akaanza upande wa pili wa kazi, ambao mimi nilikuwa sijaufikiria: kwa nini walikuja. Alianza na koki. Alifunga maji kwenye mita, akaifungua kwa spana, akatoa wosha iliyokuwa imeliwa upande mmoja, akaweka mpya aliyokuwa nayo mfukoni. Bomba lililodondosha tangu utoto wangu likanyamaza. “Hili ndilo duka lao la simenti,” akasema. Pale chini akamwaga kokoto karai mbili.

Kisha taa. Balbu ya barazani nilikuwa naiacha inawaka usiku kucha kwa ajili ya wezi. Taa inaleta wadudu, wadudu wanaleta buibui, na buibui wakijaa upenuni nyigu hana haja ya kwenda kuwinda mbali. Alinishauri niihamishie kwenye nguzo ya geti, na utando wa buibui niufagie kila Jumamosi kwa ufagio wa makuti wenye mpini mrefu. Aliufagia wa siku hiyo mwenyewe, kuanzia ncha ya fishabodi hadi nyingine.

Halafu matundu. Hapa alikuwa kama daktari na kile kipande chake cha waya. Alikiingiza kwenye tundu la ufunguo wa stoo, kikatoka na udongo. Alikiingiza kwenye matundu ya kutolea maji chini ya dirisha la kusukuma, kikatoka na udongo na mguu wa buibui. Mrija wa kufurikia wa tangi la maji juu ya paa ulikuwa umeziba kabisa. Mirija aliivalisha kipande cha wavu wa mbu na kukifunga kwa waya, matundu ya misumari akayajaza pati, nyufa za fremu akazipiga silikoni kwa kidole kilicholowa. Soketi ya barazani alikataa kuigusa mpaka nizime umeme kwenye meni swichi, na hata baada ya kuzima alijaribu kwa testa mara mbili.

Ule mrija wa tangi ulinifanya nimsimulie habari ya ndege. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya shirika la Birgenair la Uturuki iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na dakika chache baadaye ikaanguka baharini. Watu wote 189 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi uliona kwamba mrija mmojawapo wa nje, unaompa rubani kipimo cha mwendo, ulikuwa umeziba, hivyo kipimo kikawadanganya. Mirija yenyewe haikuopolewa. Lakini ndege ilikuwa imekaa bila kuruka kwa wiki kadhaa, siku za mwisho mirija hiyo ikiwa haijafunikwa, na aliyeshukiwa kuliko wote ni nyigu wa udongo. Mzee alisikiliza akiwa anakata wavu kwa mkasi.

“Si wangeifunika tu,” akasema, akaendelea kukata.

Kwenye saa kumi alasiri yule nyigu wa asubuhi alirudi juu ya mlango. Kiota chake hakipo, ukuta umeoshwa, umepigwa msasa. Alikuwa na donge la tope kinywani. Alizunguka mara moja, akatua palepale, kwenye alama isiyoonekana tena kwa macho yangu, akavuma, akalitandaza ukutani. Kisha akaenda kuchukua jingine.

Nilikuwa nimelisoma hili kwa Jean-Henri Fabre, yule Mfaransa aliyetumia maisha yake kutazama wadudu huko Provence. Aliwahi kubandua kiota cha nyigu wa jamii hii na kukitia mfukoni, na mama akaendelea kuleta udongo na kupiga lipu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Aliwahi pia kuwatoa buibui chumbani mmoja baada ya mwingine kila mama alipowaleta. Mwishowe mama alikifunga chumba, kitupu, kama kawaida. Fabre aliona hapo ukomo wa akili ya mdudu. Mimi niliona vigumu kumcheka. Niliwahi kumwona baba, mwezi mmoja baada ya mama kufariki, akiweka vikombe viwili mezani.

Mzee hakumfukuza. Alisubiri mpaka aondoke, akapanda ngazi, akafuta lile tope kwa tambara lenye maji kabla halijashika. Nyigu aliporudi, mzee akasubiri tena, akafuta tena. Aliniambia nifanye hivyo siku tatu, nne, kila nikiona. Likiwa bichi ni kazi ya kufuta, likikauka ni kazi ya kisu.

“Lakini huyu anachota wapi?” nikamuuliza. Koki imefungwa, chini pana kokoto, na mvua haijanyesha wiki ya pili.

Mzee alinionyesha kwa kidevu, kama asubuhi. Kando ya ngazi ilikuwepo ile ndoo ya lita kumi alimotupia viota vyote vya magofu pamoja na maji ya kuoshea ukuta. Udongo ulikuwa umeshalainika, mwekundu, mzito, laini kuliko wa bomba. Nyigu alikuwa ukingoni mwake, tumbo juu, kichwa chini, anavuma.

Alimwacha amalize donge lake. Kisha akainua ndoo kwa mpini, akaipeleka nyuma ya banda la kuku, akaiweka kivulini na kuja kukunja ngazi.